Mbuzi wa Njia Namba Saba

Wacha niisimulie mwenyewe, maana nimesikia hii hadithi ikipigwa sokoni Sultan Hamud na watu ambao hawakuwepo, na wanaitia chumvi, eti nilichapwa, eti nilivuliwa viatu (aliyevua viatu ni Mwitaliano, na alivua kwa hiari yake). Aibu ni yangu, basi hata kuisimulia niachiwe mimi.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwa gesti moja kando ya barabara ya Mombasa, kazi ya kupeana funguo na kuahidi watu kwamba maji ya moto yanakuja. Siku moja wakaingia wazee wawili Waitaliano, mume na mke, Renzo na Paola, wameishi Malindi mpaka Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu, wakaniuliza kama ile milima ya Kilungu inayoonekana kule nyuma ina njia za kutembea. Kwao, wakanieleza, ni kijiji cha milimani ambako watu hupanda mlima kwa raha tu, hawatafuti kuni wala ng'ombe aliyepotea, na kila njia ina namba yake na imepakwa rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe ili mtu asipotee, na huko juu kuna nyumba ya wapanda milima, unafika umechoka unapewa supu na mahali pa kunyoosha mgongo.

Sasa mimi ni mtoto wa tambarare, mlima naujua kwa macho. Lakini nilikuwa na sababu zangu. Mwende, msichana niliyempenda mpaka chakula kikawa hakipiti, kwao ni upande wa pili wa mlima huo huo, na alikuwa amenikataza kukanyaga huko, kwa sababu dada yake mkubwa, Syombua, alikuwa bado hajaolewa, na baba yao, Mzee Nzioka, ni mtu wa desturi, kwake mdogo hatangulii mkubwa. "Usionekane huku mpaka mambo ya dada yaishe," aliniambia, "ukiniharibia kwa baba, tumeachana." Nikawaza, nikipanda na wageni si nitaliona hata paa la kwao kwa mbali? Hiyo siyo kuonekana, hiyo ni kuona.

"Njia zipo," nikawaambia. "Nazijua zote."

"Tutafuata namba gani?" Renzo akauliza.

(Hapa ndipo ningefunga mdomo.) "Saba," nikasema.

Kesho yake tukaachwa na pikipiki pale barabara inapoishia, wao na buti zao na fimbo mbili mbili za kutembelea, mimi na shati nyeupe niliyopiga pasi, kwa sababu mtu hajui atakutana na nani. Hatujaenda mbali Renzo akaanza kukagua mawe. "Rangi iko wapi, Kioko?" Nikamwambia mvua imefuta. Mvua! Mimi mtu wa Makueni, ambako mvua ikinyesha tunapigiana simu kuambiana. Akauliza nyumba ya wapanda milima iko wapi, nikasema mbele kidogo, na ili kubadilisha maneno nikatoa simu nikawaonyesha picha ya Mwende, nikawaambia huyu ndiye wangu, wakamsifu sana, tukaendelea.

Kufika saa sita tulikuwa tumepotea vizuri kabisa. Njia iliingia kwenye miiba ikakataa kutoka. Paola akakaa kwenye jiwe akafungua karanga zake za chumvi, na hapo ndipo walipotokea mbuzi watatu, mmoja wa kahawia ana kamba shingoni, wakamlia karanga zote mkononi, na zilipoisha wakageuka wakaanza kuteremka upande ule mwingine kwa haraka, kama watu wanaojua wanakoenda. Mlima siujui, lakini mbuzi nawajua. Mbuzi mwenye kamba ana mwenyewe, na mwenyewe ana nyumba.

"Tuwafuate," nikasema. "Namba saba hufuatwa na mbuzi."

Renzo alifurahi mpaka akashika ile kamba mwenyewe.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mbuzi hao walikuwa wametoroka asubuhi kwa sababu boma lao lote lilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa ntheo. Ntheo, kwa asiyejua, ni wale mbuzi watatu ambao Mkamba hupeleka kwa kina msichana, na wakipokelewa, watu wote wanajua huyo ameshapata mwenyewe. Wakwe walikuwa wanatarajiwa kutoka Kyuso, mbali huko Kitui kaskazini, na akina shangazi waliowekwa langoni hawakuwa wamewahi kumwona kijana, walikuwa wamesikia tu kwamba anafanya kazi na wazungu. Sasa niambie, wewe ukiwa shangazi umesimama langoni, halafu anatokea mzee wa kizungu na fimbo zake mbili, mama mzee kando yake, kijana wa shati nyeupe, na mbuzi watatu, utafikiria nini?

Vigelegele vikalipuka. Tukaimbiwa, tukashikwa mikono, mbuzi wakapelekwa nyuma ya hema wakafungwa, sisi tukakalishwa viti vya mbele.

"Wapanda milima hupokelewa hivi?" Paola akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga.

"Siku zote," nikasema.

Msifikiri mimi ni mjinga. Nilipoona hema, na kina mama wa kitenge kimoja, na pasta anafungua kwa maombi, nilijua hapa kuna jambo, na jambo lenyewe si letu. Ningesimama niseme. Lakini nilikuwa sijala tangu asubuhi na nyama ilikuwa inanukia, nikajiambia tunakula kidogo halafu tunatoka polepole. Renzo naye alikuwa ameshavua buti na soksi, amenyoosha miguu mbele ya wazee wa ukoo.

Ndipo mzee mmoja mrefu mwenye kofia akasimama, akatukaribisha, akauliza kama desturi inavyotaka: wageni wametoka wapi, na wanatafuta nini katika boma hili? Kabla sijameza mate, Renzo akainuka bila viatu. "Tumetoka mbali," akasema kwa Kiswahili chake cha Malindi, "njia imetuchosha, tumeongozwa na mbuzi. Tunatafuta supu na mahali pa kulala." Wazee wakaangaliana, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema, "Aisee, huyu mzungu anajua kuongea ya wakwe."

Nikaletewa maji ya kunawa. Nikanyoosha mikono, nikainua macho kumshukuru aliyeshika jagi, na aliyeshika jagi alikuwa Mwende.

Maji yaliingia kwenye mkono wa shati, yakaniteremkia hadi kiunoni, na hakuna aliyeyasimamisha.

"Kioko," akasema polepole, "unafanya nini kwa ntheo ya dada yangu?"

Niliogopa, sitaficha. Nikajua leo nimempoteza. Nikataka kumjibu lakini huko langoni wimbo ukaanza upya, shangazi mmoja akapiga ukemi, na wakaingia watu wa Kyuso, wazee wao, mama zao, kijana wao amevaa suti, na mbuzi wao watatu wamenona.

Yule mzee mwenye kofia (mmeshajua ni nani) akatuangalia sisi, akawaangalia wale, halafu akaenda nyuma ya hema akarudi anamvuta yule mbuzi wa kahawia. Akavaa miwani. Akashika sikio lake akaligeuza.

"Hii alama nimekata mimi," Mzee Nzioka akasema. "Huyu ni wangu. Na wale wawili ni watoto wake." Akanigeukia. "Kijana, wewe umeniletea mbuzi wangu ndio nikupe mtoto wangu?"

Watu wa Kyuso walicheka kwanza, halafu akina shangazi, halafu pasta. Mimi nikasema kwa sauti ambayo hata sikuijua, "Mzee, tulipotea tu. Hapa simjui mtu." Nilisema hivyo ili kumwokoa Mwende, na ingepita, Mungu ni shahidi ingepita, kama si Renzo, ambaye alikuwa ananionea huruma na kutaka kunisaidia.

"Lakini Kioko," akasema kwa furaha, "huyu si yule msichana wa picha?"

Jagi likaanguka.

Hatukufukuzwa. Mzee alisema aliyekwisha kunawa kwake lazima ale, tukahamishiwa mwisho wa hema karibu na masufuria, nikala nyama ile haina ladha, Renzo akaomba aongezwe supu. Mwende hakushika simu yangu mpaka mtama ukavunwa. Siku aliposhika, hakunisalimia, alisema tu, "Baba anauliza yule kijana wa mbuzi ameoa?"

Mwaka uliofuata nikaenda kwa barabara kubwa, na wajomba zangu, na mbuzi wangu niliowatoa Mwingi kwa lori ili pasiwe na mashaka. Mzee Nzioka alisimamisha nyimbo. Akavaa miwani. Akashika masikio sita, moja baada ya jingine, bila haraka, watu wakiwa wamejishika mbavu na mimi nikitoka jasho ndani ya suti.

"Hawa siwajui," akasema. "Waingie."

Kwa hivyo nimeapa: njia nisiyoijua nitasema siijui, hata nikiulizwa na mtoto, na namba sitampa mtu tena. Lakini kuapa hakujanisaidia sana. Mpaka leo tukienda kuwasalimia, jioni baba mkwe hunituma malishoni nikamletee mbuzi wake, na kila mara lazima aniite nirudi kidogo.

"Kioko," ananiambia mbele ya watu wote, "uwalete hapa kwangu. Usipite nao kwa mtu."