Sikio la Kushoto

Kaka yangu ana chumba kimoja Segera, nyuma ya wauza machungwa. Mlangoni kaandika kwa rangi nyekundu STUDIO YA MATANGAZO. Studio yenyewe ni taa ya duara, simu yake, kompyuta iliyopasuka kioo, na mimi. Mimi nasoma bweni Korogwe, kidato cha tatu, lakini likizo ikifika nageuka ofisa wa maneno. Naandika yale maandishi yanayopita juu ya video, na kama inatakiwa sauti ya dada anayejua kila kitu, naitoa mimi.

Wateja wetu ni watu wa saluni, fundi cherehani, muuza magodoro, mama wa keki. Wote wanadhani kazi ni kurekodi. Kurekodi hata mtoto anarekodi. Kazi inaanza mteja akishaondoka: unakata pale alipokohoa, unakata alipomfukuza kuku, unapandisha mwanga, unashusha kelele za malori, unatafuta muziki usiommeza mtu. Bibi harusi wa saluni kaka anamlainisha ngozi mpaka mama yake mzazi angeomba atambulishwe. Nilimwambia kaka iko siku watu watakwenda saluni kudai zile sura za kwenye video.

"Wewe andika maneno," akasema. "Sura niachie mimi."

Basi akaja mzee mmoja mfugaji. Boma lake liko nyikani, mbele kidogo ya mashamba ya kwetu. Alihamia huku kabla mimi sijazaliwa, lakini kwa wakulima wa kwetu bado anaitwa mgeni, na ng'ombe wake akionja mahindi ya mtu anaitwa mengine. Alikuwa amesikia wanunuzi wa Dar siku hizi wanachagua ng'ombe kwa kutazama simu. Alikuwa na dume moja la kuuza, akataka litangazwe.

Tukaenda bomani. Kaka akarekodi. Mzee alisimama ubavuni mwa dume lake, fimbo mkononi, amekaza uso kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Tuliporudi studio kaka akaanza mambo yake. Dume lilikuwa linatazama kulia, na kulia ndiko tunakoweka maandishi na namba ya simu. Kwa hiyo akaigeuza picha, kama unavyoona vitu kwenye kioo: cha kulia kikaja kushoto. Tunafanya hivyo kila siku. Kochi likigeuzwa likatazama upande wa pili, nani atakwenda polisi? Halafu pajani dume lilikuwa na chapa ya moto, kovu kubwa, na kwa ule mwanga lilionekana kama kidonda. Kaka akalipitishia filta ile ile ya bibi harusi. Kovu likayeyuka, paja likang'aa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Kaka, hili dume linakwenda sokoni au kwenye sendofu?"

Maneno yakawa yangu. Nikayatoa kwenye matangazo ya viwanja, yale yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme: DUME SAFI. HALINA MGOGORO. Kaka akacheka, tukairusha. Simu ilikuwa imejaa na mama wa keki yuko njiani, kwa hiyo video mbichi akaifuta, kama tunavyofuta zote.

Dume likanunuliwa upesi, likapanda fuso, likaenda zake Dar. Mzee akatuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikajiona nimesaidia taifa.

Kitu ambacho mimi na kaka hatukukijua, na hatukuuliza, ni kwamba wafugaji wanatambua ng'ombe kwa sikio. Kila ukoo una mkato wake na upande wake. Ukoo wa yule mzee unakata sikio la kulia. Upande wa Mkumbara kulikuwa na mfugaji mwingine aliyepotelewa na dume la rangi ile ile, na wao wanakata la kushoto. Siku moja anafungua simu, anaona dume, rangi yenyewe, sikio la kushoto limekatwa, chapa ya mtu mwingine pajani hakuna, na juu yake maandishi yanaapa kwamba halina mgogoro. Hata ningekuwa mimi ningepiga kelele.

Video ikarudi kwetu kupitia simu za watu. Muziki wetu wametoa, wameweka duara jekundu kwenye uso wa mzee, na maneno mapya: MWIZI WA MIFUGO NI HUYU. Walikuwa wamehariri vizuri, naomba niseme ukweli.

Vijana wa Mkumbara wakaenda bomani kwa mzee na fimbo. Mtendaji wa kijiji akawahi kutuma mgambo, la sivyo sijui. Lakini ng'ombe wote wa mzee wakaswagwa mpaka zizi la nyuma ya ofisi, wazuiwe hapo hadi kesi iishe. Wamefungiwa bila malisho, ndama wanalia, watu wanapita wanapiga picha. Wakulima wa kwetu wakawa wanasema si tulisema. Kwa mfugaji jina hilo halina dawa. Ukishaitwa mwizi wa ng'ombe, mnadani hakuna anayesimama karibu na wewe.

"Twende tukaseme," nikamwambia kaka.

"Tukaseme nini?"

"Kwamba uliigeuza."

"Na chapa je? Niseme nimefuta chapa ya ng'ombe? Unajua kufuta chapa kunaitwaje?"

"Kwenye simu, kaka. Hukulifuta dume lenyewe."

"Kamweleze polisi tofauti. Dume limeshaliwa Dar, video mbichi haipo, nina mdomo tu. Nitalala ndani na huyo mzee wako."

Nikajaribu kumtania, nikamwambia huko ndani angalau hakuna mama wa keki. Hakucheka. Akazima taa ya duara, akafunga mlango mchana kweupe.

Siku ya kikao cha kesi, ofisini kwa mtendaji, alikwenda, lakini alikwenda kwa sababu mtendaji alimwita. Akakaa kwenye benchi akitazama viatu vyake. Mimi nikasimama dirishani na ushungi wangu wa shule, nionekane mtu wa maana. Yule wa Mkumbara alikaa upande mmoja na ndugu zake. Mzee alikaa peke yake.

Mtendaji akampa mzee simu. "Mzee, tazama vizuri. Hili dume ni lako?"

Mzee akatazama. Akaipeleka simu mbali, akairudisha. "Dume ni yangu," akasema. "Sikio si yake."

Ndugu wa Mkumbara wakacheka kwa hasira. "Kwa hiyo sikio uliazima?" mmoja akauliza.

"Sijui," mzee akasema. "Hiyo dume nimezalisha mimi. Sikio nimekata mimi, ya kulia. Hapa naona ya kushoto. Sijui."

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama viatu. Mzee alikuwa anajifunga mwenyewe kwa kusema kweli, na mimi kichwani ulikuja utani mtupu, mmoja nyuma ya mwingine. Nikaitazama tena ile video kwenye simu yangu, mara hii nisitazame ng'ombe. Nikamtazama mtu.

Mzee ana masikio yaliyotobolewa ndewe, yale matundu makubwa ya zamani. Ndewe ya kulia ilishakatika, inaning'inia vipande viwili.

"Shikamooni," nikasema pale dirishani. "Mtazameni mzee. Sikio lake yeye."

"Binti, hapa si mahali pa mchezo," mtendaji akasema.

"Sichezi. Kwenye video ndewe iliyokatika ni ya kushoto. Yeye hapo alipo ni ya kulia. Kaka aliigeuza picha yote, na yeye ndani."

Ndipo kaka akainua kichwa na kusema, kwa sauti ndogo, "Niliigeuza. Na kovu nililifuta mimi. Ni filta ya saluni."

Yule wa Mkumbara akainuka na simu. Akaiweka kando ya kichwa cha mzee, akainama, akatazama sikio la kulia, akazunguka, akatazama la kushoto. Akamshika kidevu amgeuze kwenye mwanga. Mtendaji naye akaja. Mgambo naye. Mzee alikaa wima, macho ukutani, wakimkagua vile vile wanavyokagua ng'ombe mnadani. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kutazama.

Mwisho yule wa Mkumbara akasema, "Samahani, mzee wangu," akampa mkono. Zizi likafunguliwa. Ndama mmoja hakusimama.

Kaka akarekodi video ya kusahihisha, yeye mwenyewe anaongea, hakuweka muziki wala filta. Walioitazama ni wachache. Ile yenye duara jekundu bado inatembea. Juzi imeonekana Mazinde, kuna mtu ameipandisha upya kama ya jana.

Kabla sijarudi shule mzee alikuja studio. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja, fimbo katikati ya magoti.

"Ile nyingine," akamwambia kaka. "Futeni."

"Ya kwetu tumeshafuta, mzee. Hiyo iko kwenye simu za watu. Hatuwezi."

Mzee akafikiri. "Chapa ya moto mlifuta," akasema. "Mlikaa hapa hapa, mkafuta. Hii inawashinda nini?"

Kaka akaanza kumweleza, akaacha katikati. Mzee hakuonyesha kuwa na haraka. Nikamletea maji, akashika kikombe bila kunywa, akiitazama ile kompyuta, akisubiri tuanze.