Karafuu Isiyokuwamo

Mara ya kwanza Aol alipopiga hodi, Sabah alimwacha nje mpaka alipomaliza kuvuta tasbihi. Alikuwa katika mwezi wa pili wa eda, na tangu azikwe mumewe Mahmoud, Mwenyezi Mungu amrehemu, waliopiga hodi mlango huo wa mtaa wa Bwaise walikuwa wa aina mbili: wenye pole na wenye shida zao. Huyu alivaa kitambulisho shingoni na kushika simu mbili mkononi.

"Mimi Aol, Mama. Natoka kwa programu inayofundisha wenye maduka madogo kuuza kwa simu. Shemeji yako Faizal ndiye alinielekeza."

Jina la Faizal lilitosha kumkunja Sabah uso.

Duka lililoko mtaa wa Wandegeya lilikuwa la mumewe, lakini udi uliouzwa pale ulipikwa na mkono wa Sabah. Alifundishwa na mama mkwe akiwa bibi arusi wa miaka kumi na tisa: sukari iive mpaka ibadilike rangi, vipande vya udi viingie, kisha marashi na miski, na siku ya mwisho kitu kimoja ambacho hakukitaja hata kwa binti zake. Sufuria yenyewe ilikaa juu ya kabati, maana mvua ikizidi maji hufika godoroni. Kwa miaka thelathini maharusi na walimu wa madrasa walinunua udi ule wakimshukuru Mahmoud, naye Sabah hakujali.

Sasa alijali. Mwenye eda hagusi manukato, na Sabah hakutaka kubishana na Mola wake juu ya hilo. Sufuria ikakauka, na Faizal, mdogo wa marehemu, akakaa dukani kuuza makopo yaliyobaki. Eda ikiisha, ukoo ungekaa kikao kuamua duka liende kwa nani. Sabah alikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna wa kumnyang'anya, nacho ni mapishi.

Na huyu msichana akauliza nini?

"Mama, wateja wa kwa simu wanapenda kujua kuna nini ndani. Niandike vipi?"

"Kwani hawana pua?"

"Wanazo, Mama, lakini ziko nao majumbani kwao."

"Hiyo simu yako inanusa?"

"Bado," Aol akacheka.

Sabah hakucheka. Mara ya pili alimhoji kama afisa: picha zinakwenda wapi, nani mwingine anaziona, Faizal amekuahidi nini.

"Aliniahidi chai, Mama. Hata hiyo sijaiona. Lakini uliza tu, mimi mtoto wa polisi, nimezaliwa kambini. Kuhojiwa nimezoea."

Mara ya tatu Sabah akatega mtego. "Andika kuna karafuu. Karafuu nyingi. Hiyo ndiyo siri yenyewe."

Haijawahi kuingia hata punje moja. Alichowaza ni kwamba Faizal akianza kununua karafuu, basi msichana ni sikio lake.

Ijumaa, Faizal alipoleta mchele, Sabah alisimama nyuma ya pazia la mlango akavuta pumzi ndefu. Jasho, na moshi wa bodaboda. Karafuu hakuna. Anajificha vizuri, akawaza.

Ijumaa iliyofuata Faizal alikuja mikono mitupu.

"Shemeji, nani amemwambia Aol kwamba udi wetu una karafuu?"

"Na wewe umejuaje kwamba hauna?"

Faizal akasogelea pazia. "Ule mwaka ulipolazwa hospitali miezi miwili, ulidhani nani alipika? Kaka alinisimamia jikoni, mimi nikachochea. Mpaka kile kitu cha siku ya mwisho." Akakitaja kwa sauti ya chini. Kilikuwa chenyewe.

Sabah akatafuta pa kukaa. Miezi miwili wateja walifukiza udi wa mkono mwingine, wala hakurudi hata mmoja kulalamika.

"Basi ungeweza kupika tangu siku ya mazishi," akasema.

"Ningeweza. Lakini nilimleta yule msichana ili kikao kikija, kila mtu awe ameshaona jina lako. Na sasa tazama."

Akapitisha simu chini ya pazia. Palikuwa na picha ya kopo, na juu yake maneno: Udi wa Bi Sabah, wenye karafuu. Chini wateja walikuwa wamejaa. Mmoja aliandika kwamba amefukiza nyumba nzima, karafuu iko wapi? Mwalimu wa madrasa, mteja wa miaka ishirini, aliaga kwa heshima: kama ni karafuu, kifua cha mama yake hakiiwezi. Wa mwisho aliandika neno moja: waongo.

Lilikuwa chini ya jina lake.

Aol alikuja kesho yake asubuhi, amenywea. "Nitalifuta tangazo tu, Mama. Watu watasahau."

"Watasahau wao. Anayeandika huko juu hasahau. Nionyeshe pa kusemea."

Aol akamwonyesha pa kubonyeza ili sauti iende kwa wateja wote. Sabah akaitazama simu kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Nikiachia kidole, sauti yangu anabaki nayo nani?"

"Wateja wako, Mama."

"Na Faizal?"

"Yumo kwenye kundi. Ataisikia."

Sabah akavuta mtandio mbele, akasema bismillahi, akabonyeza.

"Mimi ni Sabah, mjane wa Mahmoud. Udi huu nimeupika mimi. Hauna karafuu, haujawahi kuwa nayo. Uongo niliusema mimi, si huyu binti wa watu. Anayetaka kurudisha kopo, alirudishe."

Kidole hakikutoka. Aol akamfanyia ishara kwamba imetosha, aachie.

"Na ule mwaka nilipolazwa," Sabah akaendelea, "aliupika shemeji yangu Faizal. Anaujua kama mimi. Ninyi hamkutambua, na mimi nimejua jana."

Ndipo akaachia.

"Mama," Aol akanong'ona, "hilo na wazee wa kikao watalisikia. Nilifute?"

Sabah alikuwa ameshachukua tasbihi yake.

"Liache liende," akasema.