Mfupa Aliorudi Nao Baba

Roselyne Nakhungu hushona sare za shule sokoni Bungoma, na haamini mtu. Ukimpelekea kitambaa cha mita tatu atakipima mbele yako, kisha akupime na wewe kwa macho. Baba yake, mzee Wangila wa Sirisia, alipika melini ujanani, akarudi na ubavu wa mnyama wa bahari ya baridi. Alisema ni wa nguva mkubwa kushinda ndovu, aliyekwisha duniani. Kijiji kilimcheka miaka hamsini, na Roselyne peke yake ndiye aliyemtetea.

Mwaka jana Daktari Gladwell, mtafiti wa Kitale anayefuatilia koo za wanyama wa kale kwa DNA iliyobaki mifupani, aliomba kuutoboa mfupa huo apate unga kidogo wa kupima. Roselyne akamshuku papo hapo. Akiubadilisha je? Akaupima ubavu kwa futi yake, akaukwaruza alama kwa sindano, akautengeneza kama kwao wanavyotengeneza kitu cha heshima kinachotoka nyumbani, ndipo akaupeleka.

Majibu yakasema ng'ombe.

Akaupima tena. Urefu ule ule, alama ile ile. Basi mwongo alikuwa nani? Akaenda Sirisia na karatasi mkononi.

"Kumbe ulitudanganya, baba. Ati nguva, na ni ng'ombe."

Tangu siku hiyo mzee hakuitaja bahari tena, hata kwa wajukuu. Kimya hicho kilimuuma Roselyne, akapanda Kitale kugomba.

"Mama, kabla ya kuleta huu mfupa uliufanyia nini?" Gladwell akauliza.

"Si nilipaka samli. Kitu ya wazee haiwezi toka nyumbani ikiwa kavu."

Gladwell akashika kichwa. Kumbe vipimo vilisoma samli ya ng'ombe, na yeye hakuwa ameuliza. Akausafisha, akapekecha ndani kabisa, Roselyne akimchunga kupitia kioo bila kupepesa.

Safari hii majibu yalisema nguva wa bahari ya baridi, wa ukoo mmoja na nguva wa Lamu, aliyetoweka zaidi ya miaka mia mbili iliyopita.

Roselyne alifika Sirisia akihema kwa furaha na aibu, akamsomea baba yake karatasi yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Na hiyo karatasi ingesema ng'ombe tena," akauliza, "wewe ungeniamini?"

Roselyne akaikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena.