Ng'ombe juu ya tuta la reli

Nilimrushia mchungaji kiatu cha mwanangu. Kilikuwa kimemchomoka topeni, ndicho kilichokuwa mkononi. Lingekuwa jiwe, ningerusha jiwe. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ametembea bila kushikwa, akaingiza mguu kwenye shimo la kwato, akaanguka kifudifudi kwenye tope na mavi. Na ng'ombe hao, wanakuja nyuma yake.

"Wewe! Hii ni njia ya watu!" nilipiga kelele huku nimemnyakua. "Huoni mtoto?"

Mwanangu amechelewa kutembea. Hospitalini waliniambia nimzoeze kila asubuhi mahali palipo sawa. Mtaani kwetu ni makorongo matupu. Palipo sawa ni kando ya mto tu, kwenye tuta la reli ya zamani iliyokuwa ikienda mgodini. Vyuma viling'olewa kitambo. Majuzi watu wa kata wakashindilia kifusi, wakaweka mabenchi, watu wakaanza kukimbia mazoezi na vijana kupiga picha. Mwanangu akaanza kuniachia kidole. Mvua zikanyesha, ng'ombe wakaja. Walikuwa wanatembea juu ya tuta urefu wote, mpaka njia ikawa kama jaruba la mpunga.

Mchungaji aliokota kiatu, akakifuta kwenye shuka lake, akaniletea. Kijana wa umri wangu tu, Msukuma, na katambuga zake za tairi.

"Pole, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Ameumia?"

"Pole ya nini? Toa ng'ombe wako hapa!"

"Niwapeleke wapi? Unadhani wanayapenda mabenchi yenu?"

Nusura nicheke. Nikajikaza, hasira ilikuwa bado haijaisha.

Akanionyesha kwa fimbo. Tangu enzi za treni kulikuwa na kivuko pale: ng'ombe wanakatisha tuta mara moja, wanashuka mtoni kunywa. Waliotengeneza njia wamekifunga kwa waya wa miiba na kuweka benchi katikati. Sasa ng'ombe hawana namna, wanapanda tuta na kulifuata mpaka waya unapoishia.

"Mbona hamkusema kwenye mkutano wa kupanga njia hii?"

"Mkutano waliuitisha saa ya kunywesha. Ng'ombe wana kiu, mimi nikakae kwenye kiti?"

Niliutazama ule waya. Hasira haikuisha, ila ilihama. Nikamvalisha mtoto kiatu, nikaenda ofisi ya kata na tope letu vilevile.

Ofisa akachukua kalamu. "Unamlalamikia mchungaji gani, dada?"

"Nawalalamikia nyie."

Akaanza kunishauri nirudi nyumbani kwanza, nikaoge. Nikaomba karatasi, nikaandika mwenyewe, na sikuondoka mpaka akaigonga muhuri:

"Nalalamikia waya na benchi mlivyoweka kwenye kivuko cha ng'ombe. Viondolewe. Tuta lishindiliwe upya. Mkutano mwingine uitishwe jioni, ng'ombe wakiwa zizini, na wafugaji waitwe. Mwanangu anajifunza kutembea hapo na hana mahali pengine. Ng'ombe nao hawana."