Tulikwenda kutalii Meru, tukapita juu ya nyumba ya bibi yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, na mlionizidi umri shikamooni.

Hili jambo limenikaa kifuani tangu Krismasi. Naandika kama lilivyokuwa, sijaongeza chumvi wala sitafuti huruma. Anayetaka kunirushia mawe, ruksa.

Mimi nimelelewa na bibi, mama yake baba, kule Olmotonyi, juu kidogo ya chuo cha misitu. Kwetu bibi tunamwita Koko. Alinisomesha kwa kahawa na ndizi zake mpaka nikaja Dar kutafuta maisha.

Sasa mnajua utani wa bibi na mjukuu. Mimi ni "mume" wake. Kwa hiyo nilipooa, wife wangu Rehema akawa "mke mwenza" wake.

Harusi ilifanyika Dar na Koko hakuja, magoti hayamruhusu safari ndefu. Tangu hapo kila akipiga simu ni wimbo uleule: "Mume wangu, niletee mke mwenzangu nimwone. Nisije nikawa naona wivu bure."

Nacheka, nasema likizo, Koko.

Likizo ikaja. Rehema ni mtu wa Masasi, mlima kama Meru hajawahi kuuona, na treni ya safari ndefu hajawahi kupanda. Tukapanga: treni mpaka Arusha, tuzunguke mji, tupande mlimani kidogo, treni tena kurudi.

Hapo ndipo akili yangu ilipokaa vibaya.

Kwetu huwezi kumpeleka mke nyumbani mara ya kwanza kwa nusu saa. Lazima mbuzi, lazima mashangazi wote, lazima mchungaji aje kuomba, na wewe uje na kitenge, blanketi na sukari ya Koko. Siku mbili zimeisha hizo. Nikajisemea likizo hii ni ya wawili, Koko tutamwendea Krismasi kwa heshima zote.

Rehema nikamwambia Koko amekwenda Babati kwa shangazi.

Safari yenyewe ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Kulipokucha Rehema alibandika uso dirishani akiitazama Kilimanjaro kama mtoto anayesubiri maandazi yatoke kwenye mafuta. Arusha tukafikia gesti moja Themi. Tukala nyama choma, tukapiga picha mnara wa saa. Siku ya pili tukaenda hifadhini, tukapata picha moja kali: sisi mbele, twiga nyuma yetu, Meru nyuma ya twiga.

Siku ya tatu tukapanda njia ya kwenda maporomoko. Aisee, njia ile inapita msituni, juu kabisa ya kwetu. Nikaliona bati jekundu la kwa Koko. Rangi ile nilipaka mwenyewe.

Nikashusha kofia usoni. Kuna mama alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akatuangalia sana. Nikamwamkia harakaharaka, tukapita.

Kumbe ni jirani yetu. Kofia haifichi sauti, wakuu.

Kesho yake mchana tuko stesheni, mizigo imeshaingia kwenye behewa. Namwona baba mdogo anakuja na mkungu wa ndizi begani, jasho linamtiririka. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akautua mkungu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. "Mama aliambiwa mmeonekana huko juu, mkiongelea treni ya leo. Akasema mkishuka mtapita kwake. Akavaa gauni la kanisani, akakaa barazani tangu saa nane mpaka jua likazama. Leo kasema msafiri haondoki mikono mitupu, niwaletee hizi."

Rehema akanigeukia. "Si ulisema yuko Babati?"

Baba mdogo akaendelea taratibu: "Ana presha ya macho. Jicho moja limeshakwenda. La pili daktari kasema nalo linaondoka, na halirudi. Anataka tu amwone huyu binti."

Rehema hakusubiri. "Tushushe mizigo. Twende sasa hivi."

Na mimi, mwanaume mzima, nikasema keshokutwa natakiwa kazini. Nikasema Krismasi si mbali.

Tukapanda.

Wakuu, uongo wa Babati ni kosa. Lakini pale stesheni nilipewa nafasi ya kulifuta, na kutoka pale mpaka kwa Koko hata saa nzima haifiki. Kazini wangenipa barua ya onyo tu. Nikachagua kiti cha treni. Mpaka tunafika Dar Rehema hakunisemesha, wala hakugusa ndizi hata moja.

Krismasi tukaenda na kila kitu. Mbuzi, blanketi, kitenge. Ile picha ya twiga nikaisafisha kubwa, nikaitia kwenye fremu iwe zawadi.

Koko alikuwa barazani, kavaa gauni lilelile. Alinitambua kwa hatua. Jicho la pili lilikuwa limezima wiki chache tu kabla.

Akamwita Rehema karibu, akampapasa uso. Paji, pua, mashavu. Akafika mdomoni.

"Ana mwanya huyu?"

"Ninao, Koko," Rehema akajibu, machozi yanamtoka.

"Ai! Basi nimeshindwa." Akacheka sana. "Mume wangu, hebu nieleze, mke mwenzangu yukoje?"

Nikampa fremu mkononi. Akapitisha vidole kwenye kioo.

"Hiki ni nini?"

"Picha yetu, Koko. Ya ile safari."

Akanirudishia. "Itundike hapo ukutani. Wageni wataiona."

Nimejifunza nini? Mbuzi na blanketi vinaweza kusubiri. Koko hakuniomba mbuzi, aliniomba nusu saa. Kama una mzee anakwambia njoo nikuone, nenda, hata na mikono mitupu, hata umesimama mlangoni.

Aliyewahi kukosea hivi akapata namna ya kutengeneza, aniambie alifanyaje. Na wenye kunisema, semeni, nasoma yote.

Nyongeza: baba mdogo kanipigia jana. Anasema kila mgeni akiingia, Koko anamwelekeza ukutani na kumwuliza, "Eti, mke mwenzangu ni mzuri?"