Mke wa Bibi Mkubwa

Mjomba wangu ana mabasi, ana mashine za kukoboa mpunga, na sasa ana kitabu cha historia ya familia yake. Kilizinduliwa Musoma, kwa keki na hotuba ndefu kuliko kitabu chenyewe. Mimi nilikimbilia ukurasa mmoja tu, ule wa bibi yangu, aliyemzaa mjomba na mama yangu. Bibi yuko Nyamuswa, macho yamekwisha, na tangu mwandishi aje kumhoji kila nikienda ananiuliza, "Kitabu hakijafika tu? Uje unisomee pale nilipo mimi."

Kwetu, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana wa kumzalia watoto, ili nyumba yake isife. Bibi aliolewa hivyo. Aliyemwoa tulimwita bibi mkubwa, na watoto wa bibi walihesabiwa wake. Mwandishi aliandika sawasawa, muswada niliuona. Lakini mhariri wa mwisho, huko Dar es Salaam, alikuta "mke wa bibi mkubwa" akadhani kalamu imeteleza. Akasaidia. Akaweka "mtumishi wake wa ndani". Watu wanaosaidia bila kuuliza, Mungu anisamehe, siwapendi hata kidogo.

"Tutarekebisha toleo la pili," mjomba alisema.

"Bibi atalisubiri hilo toleo la pili?"

Akachukua funguo za gari.

Tulipopita Bunda tukakubaliana nisome kama ilivyopaswa kuandikwa. Lakini bibi alipokwisha kutulia mkekani, kanga mpya begani kama anakwenda kanisani, mjomba alishindwa.

"Soma kilichoandikwa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama sijawahi kumdanganya."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "mtumishi" nilitamani ardhi inimeze. Bibi akacheka.

"Mtumishi gani anatolewaga ng'ombe?" akasema. Kisha akauliza, "Na yeye aliyenioa je? Wamemwandikaje?"

Nikaendelea: mjane mpweke, aliyemhurumia mtumishi wake akamlelea watoto.

Kicheko kilikatika.

"Mpweke?" Bibi alipapasa hewani mpaka akakipata kitabu, akaweka kiganja juu ya ukurasa. "Tulikuwaga tunalima pamoja, tunakula sahani moja. Nikijifungua, yeye ndiye ananikanda. Siku anakufa, kichwa chake kilikuwa hapa." Akagusa mapaja yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mjomba alipiga magoti mbele yake, na suruali yake ya sherehe. "Nisamehe, mama. Watakuandika upya."

"Mimi waniite wanavyotaka, nimezeeka," bibi akasema. "Ila huyu mwenzangu, tangu niingie kwake, hakuwahi kulala nyumba tupu. Mwanangu, usimwache mle kitabuni peke yake."