Mganda wa Nyasi wa Afisa Elimu

Upepo ulipong'oa bati za darasa letu la saba pale Mwamapalala, mwalimu mkuu alifanya alichozoea: aliomba kibali ofisi ya elimu, Bariadi. Aliwahi kuomba kibali cha kuhamisha madawati, na cha kuazima kengele ya kanisa wakati yetu ilipopasuka. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba hata chafya mzee huyu haipigi mpaka Bariadi wajibu.

Bariadi walijibu kwamba jengo lisiguswe hadi mhandisi afike, na mkuu wa shule atakayeligusa atavuliwa ukuu. Mhandisi hakufika. Mvua ndiyo ilifika, na mtihani wa kumaliza umekaribia. Tukabanwa chumba kimoja na darasa la kwanza, sisi wenye sauti za madume tukiimba a, e, i, o, u.

Wazazi wakamwendea mwalimu mkuu. Baba yangu alimwambia kwamba siku hizi pamba wanamuuzia mwenye lori yeyote anayepita, wala ushirika hauulizwi. Iweje nyasi za kuwafunika watoto wao zisubiri Bariadi? Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Halafu, kwa sauti ya mtoto anayeomba kwenda chooni, akasema walete nyasi.

Wakaja Jumamosi, na ngazi zao. Kwetu mtu akiwakuta watu kazini hasalimii mikono mitupu. Hata kama yuko safarini, anashika kitu kwanza, ndipo anasema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Hatufundishwi hilo, tunakua nalo kama kamasi.

Paa lilikuwa limefika nusu pikipiki ya afisa elimu ilipoingia. Alishuka na kaunda suti yake, uso keshaukunja tayari. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kupitisha nyasi. Aliponikaribia nikamnyooshea mganda. Wanasema nilifanya kwa utundu, sibishi sana. Lakini yeye naye ni mtoto wa huku huku. Aliupokea, akaupandisha juu, akasema, "Mwangaluka."

Watu wote wakamwitikia. Ndipo alipokumbuka kilichomleta.

Akauliza nani ameruhusu kazi hii. Mwalimu mkuu alikuwa juu ya paa, kamba mdomoni. Akaitoa.

"Mimi."

"Kwa kibali cha nani?"

"Changu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Afisa akaamuru nyasi zote zishushwe. Bibi mmoja aliyekuwa akifunga miganda hakuinua hata kichwa.

"Sawa, baba. Tuanze na ule wako?"

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na kujizuia kule kuliniumiza mbavu. Afisa alitazama juu, akatoa unyasi uliong'ang'ania mkono wa suti. Akasema mhandisi akija aelezwe kwamba hili ni paa la muda tu. Akawasha pikipiki.

Kazi ilipokwisha watu wakatawanyika, mwalimu mkuu bado amekaa kule juu. Nikamwuliza kama nikimbie Bariadi nikamwombee kibali cha kushuka. Akaniambia nishike ngazi vizuri.

Hajavuliwa ukuu. Pikipiki ikinguruma barabarani bado anasogea dirishani kutazama, chaki mkononi. Ikipita, anarudi ubaoni.